Kurudia Kazi, Kurudia Ushahidi

Tuseme mwanamume mmoja wa kisiwa cha Kiwayu amefariki. Ameacha mke, mama, mwana mmoja wa kiume, mabinti wawili, kaka wa baba mmoja mama mmoja, na bibi mzaa mama. Gharama za mazishi zimetolewa, madeni yamelipwa, wasia hakuna. Jamaa wamekaa mkekani mbele ya shekhe anayejua mirathi. Shekhe haanzi kwa kumtafutia kila jamaa fungu lake. Anauliza kwanza: kuna mwana wa kiume? Yupo. Basi kaka ametoka. Mama yuko hai? Yuko. Basi bibi ametoka. Watoto wapo, kwa hiyo mke anashuka kutoka robo hadi thumuni, na mama anashuka kutoka thuluthi hadi sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, mwana wa kiume mara mbili ya binti. Mali ikikatwa mafungu 96, mke anapata 12, mama 16, mwana wa kiume 34 na kila binti 17. Maswali yalikuwa machache, na hakuna hesabu iliyofanywa kisha ikatupwa.

Wanazuoni wa faraidhi, elimu ya mirathi, huita hatua hiyo hajbu, yaani kuzuia. Mrithi wa karibu humzuia wa mbali, ama kabisa kama mwana anavyomzuia kaka, ama kwa kumpunguzia kama watoto wanavyompunguzia mke. Kwa macho ya mtu wa kompyuta, hajbu ni kanuni inayozifungia kanuni nyingine mlango kabla hazijaanza kufanya kazi. Kaka ana kanuni zake nyingi: akiwa peke yake, akiwa na dada, akiwa na babu. Zote zinafungwa kwa jibu moja. Fani hii ina undugu wa zamani na hesabu. Al-Khwarizmi, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algoriti, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra, kilichoandikwa Baghdad karne ya 9, kwa masuala ya wasia na urithi. Na kwetu bado ni sheria inayotumika: kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazipa mahakama za kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka, hadhi ya mtu na urithi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko.

Nimeanza na mirathi kwa sababu swali la makala hii, la jinsi ya kuepuka hatua za ziada katika kufikiri kwa kanuni, kwa kawaida huelezwa kana kwamba lilizaliwa na kompyuta, na kana kwamba ni swali la mwendo tu. Mfumo wa kanuni ni programu ambayo, badala ya kuamriwa hatua kwa hatua, hupewa sentensi za namna ya "ikiwa hivi, basi vile" pamoja na rundo la habari, kisha huachiwa itoe mahitimisho. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Stanford kilitengeneza MYCIN, mfumo wa kanuni uliopendekeza dawa za maambukizi ya damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Digital ya Marekani ilikuwa ikitumia R1, kazi ya John McDermott wa Carnegie Mellon, kupanga vipuri vya kompyuta zake. Tangu siku hizo ugonjwa wa mifumo hii unajulikana: ikiachwa bila ulinzi, hufikiri jambo lilelile tena na tena. Tiba zimekuwa nyingi, na nyingine zinakata hata pasipopaswa kukatwa.

Tuuone ugonjwa wenyewe kwa njia ya bahari. Kutoka Lamu mtu huweza kwenda Mtangawanda, kisha Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu, avuke hadi Mkokoni bara, amalizie Kiunga. Vituo ni vinane, vipande vya njia ni saba. Ipe kompyuta vipande hivyo saba na kanuni mbili. Ya kwanza: ukiwa na njia ya moja kwa moja kutoka hapa hadi pale, unafika. Ya pili: ukiwa na njia ya moja kwa moja hadi kituo kinachofuata, na kutoka kituo hicho unafika mahali fulani, basi nawe unafika mahali hapo. Kwa safari ya kwenda tu, jozi za "unatoka hapa, unafika pale" ni 28.

Injini isiyo na akili hufanya hivi. Raundi ya kwanza inapata jozi 7. Ya pili inaanza upya: inazipata zile 7 tena, pamoja na 6 mpya. Ya tatu inazipata 13 za zamani na kuongeza 5. Inaendelea hivyo mpaka raundi ya nane, ambapo inazipata zote 28 bila jipya hata moja, ndipo inajua imemaliza. Jumla imetoa mahitimisho mara 168 ili kujua mambo 28. Na hapa tuna vituo vinane tu vilivyopangwa mstari mmoja.

Dawa yake ni nyepesi kuieleza: katika kila raundi, anza na yale uliyoyajua katika raundi iliyopita tu. Kama hujajua jipya kuhusu Faza, usiulize tena kuhusu Faza. Watu wa hifadhidata waliipa njia hii sura kamili katika miaka ya 1980, walipokuwa wakiijenga lugha ya Datalog. Katika mfano wetu inatoa kila jozi mara moja tu: mara 28, zote zenye faida. Wazo lenyewe limejaa tele katika maisha ya bahari. Nahodha akiona upepo umegeuka haanzi upya kuukagua mkuku, tanga, maji na mwezi. Anagusa yale ambayo upepo unayagusa.

Lakini dawa hii haimponyi mwandishi mzembe. Geuza kanuni ya pili iseme: ukifika kituo cha kati, na kutoka hapo unafika mwisho, basi unafika mwisho. Kwa maana ni sentensi ileile, na kwa sikio la Kiswahili ni nzuri zaidi. Sasa safari ya Lamu hadi Kiunga inathibitika kupitia kila kituo cha kati, mara sita, na ile ya Lamu hadi Kiwayu mara nne. Jozi 21 za safari ndefu zinatolewa mara 56, hata kama injini inaangalia mapya tu. Hili nalisisitiza kwa kila kijana anayeanza kuandika kanuni: injini inaweza kukuzuia usirudie kazi ya jana, lakini haiwezi kujua kwamba umeandika milango sita ya chumba kimoja.

Kuna namna nyingine ya kufikiri, ya kuanzia kwenye swali badala ya habari. Lugha ya Prolog, iliyozaliwa Marseille mwaka 1972 mikononi mwa Alain Colmerauer na wenzake, hufanya hivyo. Ukiiuliza kama kutoka Kiwayu unafika Kiunga, haianzi Lamu. Hiyo ni faida kubwa. Hasara yake inaonekana ukiongeza safari za kurudi. Kutoka Kiwayu inaweza kwenda Ndau, kutoka Ndau kurudi Kiwayu, kutoka Kiwayu kwenda tena Ndau, na isitoke humo. Kinachoiokoa ni daftari: swali lililokwisha kuulizwa huandikwa, na likiulizwa tena huchukuliwa majibu yaliyomo daftarini badala ya kuanza upya. Tamaki na Sato wa Japani walieleza njia ya namna hiyo mwaka 1986, na mfumo wa XSB uliotengenezwa Stony Brook, New York, uliifanya ya kutumika kazini. Mwaka uleule wa 1986 Bancilhon, Maier, Sagiv na Ullman walionyesha upande wa pili, jinsi ya kuziandika upya kanuni zinazoanzia kwenye habari ili ziheshimu swali. Ukitaka kujua tu unakoweza kufika kutoka Kiwayu, kazi inashuka kutoka jozi 28 hadi 3: Kiwayu–Mkokoni, Kiwayu–Kiunga, na Mkokoni–Kiunga inayohitajika kuipata hiyo ya pili. Shekhe wetu naye alifanya hivyo alipouliza kwanza kuhusu mwana wa kiume.

Sasa wavu. Mwaka 1979 Charles Forgy, mwanafunzi wa Carnegie Mellon, aliandika tasnifu ya algoriti aliyoiita Rete, na mwaka 1982 akaichapisha katika jarida la Artificial Intelligence. Rete ni neno la Kilatini, maana yake wavu. Katika kisiwa kama Kiwayu, ambacho watu wake wengi ni Wabajuni wavuvi jina hili halihitaji tafsiri ndefu, na naamini halihitaji hata mfano. Wavu haujui kila samaki. Unajua macho yake na mafundo yake. Forgy aliona mambo mawili. La kwanza, kati ya mzunguko mmoja wa injini na unaofuata, habari zinazobadilika ni chache mno ukilinganisha na zilizobaki vilevile. La pili, kanuni nyingi hufanana kwa masharti: kanuni kumi za mirathi zinaweza zote kuanza na "ikiwa marehemu ameacha mtoto". Hivyo akayafuma masharti yote pamoja. Sharti linalotumiwa na kanuni kumi hufungwa fundo moja na kupimwa mara moja. Habari mpya ikiingia hupita kwenye wavu, na kila fundo hukumbuka kilicholipita: mafundo ya mwanzo yanakumbuka habari mojamoja, yale ya ndani yanakumbuka mkusanyiko wa habari zilizokwisha kulingana. Kanuni ambayo sharti lake moja tu limekosekana hukaa hapo tayari, na sharti hilo likitimia haiulizwi upya kuhusu mengine.

Kwa miaka zaidi ya arobaini hii ndiyo imekuwa njia kuu. Forgy aliitia katika lugha ya OPS5, ambayo R1 iliandikwa kwayo. NASA iliitumia ilipoanza kutengeneza CLIPS huko Houston mwaka 1985. Na injini nyingi za kanuni za mabenki na makampuni ya bima zina wavu huu au mtoto wake. Sifa hizo ni za haki. Lakini wavu unaokumbuka kila kitu huwa mzito. Mafundo ya ndani yanaweza kujaa mikusanyiko ambayo haitazaa hitimisho hata siku moja: kila mvuvi akioanishwa na kila mashua, kila mashua na kila bandari, kwa kungojea sharti la nne ambalo halitatimia. Daniel Miranker, mwaka 1987, alipendekeza TREAT, njia inayoacha kukumbuka mikusanyiko ya ndani na kuihesabu upya inapohitajika. Yaani aliona kurudia kidogo ni nafuu kuliko kukumbuka kingi, na katika majaribio yake mara nyingi alikuwa sahihi. Robert Doorenbos, katika tasnifu yake ya Carnegie Mellon ya 1995, alikwenda upande mwingine: aliurekebisha wavu usipoteze muda kwenye mafundo ambayo upande wake mmoja ni mtupu, na akazifikisha programu zinazojifunza hadi kanuni zaidi ya 100,000 bila kuzama.

Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye suala la ukweli, kuna suala la bei. Kutorudia si bure. Unalipa kwa kumbukumbu, na unalipa kwa kazi ya kuitunza kumbukumbu hiyo kila habari inapobadilika. Mtu anayeandika programu ya simu ya bei nafuu, itakayotumika mahali ambapo chaji ni ya sola na mtandao huja na kuondoka, ana hesabu tofauti na mtu mwenye seva ya benki. Sioni sababu ya kumlaumu anayechagua kurudia hesabu ndogo ya sekunde moja badala ya kutunza wavu mkubwa usiku kucha.

Pamoja na kulinganisha masharti kuna kutekeleza. Injini za ukoo wa OPS5 zina sharti la adabu: kanuni ileile, juu ya habari zilezile, haitekelezwi mara mbili. Bila hilo, kanuni isemayo "kipimo kikichelewa, mkumbushe daktari" ingekumbusha bila kikomo. Huu si mfano wa vitabuni. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana huko Eldoret, ulitumika katika kliniki za mpango wa AMPATH kuchapisha muhtasari wa mgonjwa pamoja na vikumbusho, kwa mfano kwamba kipimo cha CD4 kimechelewa. Katika kazi kama hii gharama ya hitimisho la ziada haipimwi kwa sekunde za kompyuta. Daktari aliyekumbushwa mara tano jambo alilokwisha kulishughulikia huacha kusoma vikumbusho, na cha sita huenda ndicho cha kuokoa maisha. Hapo mwenye kanuni lazima aamue ni nini hasa kinachohesabika kuwa "habari zilezile". Mgonjwa yuleyule mwezi ujao ni habari mpya. Mgonjwa yuleyule ambaye kipimo chake kimeagizwa jana na majibu hayajarudi si habari mpya, hata kama kwenye kumbukumbu tarehe imebadilika.

Kiswahili chenyewe kimekuwa uwanja wa swali hili. Tangu miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki amejenga SALAMA, mfumo wa kanuni unaochambua Kiswahili, kwa kutegemea kazi mbili za Wafini wenzake: sarufi ya maumbo ya Kimmo Koskenniemi ya 1983 na sarufi ya vizuizi ya Fred Karlsson ya 1990. Chukua sentensi "Wavuvi wa Kiwayu wameondoka". Ile "wa" peke yake ina maana nne kwa uchache: ya mvuvi mmoja, ya wavuvi wengi, ya mti, ya wimbo. Neno moja la Kiswahili kuwa na chambuzi tatu si ajabu, na sentensi ya maneno kumi ya namna hiyo ina michanganyiko 59,049. Sarufi ya vizuizi haiingii humo kabisa. Inaorodhesha uchambuzi wa kila neno kando, jumla 30 tu, kisha kanuni zake zinafuta usiowezekana. Jirani wa kushoto ni "wavuvi", basi futa "wa" ya mti. Zinazunguka hivyo hadi pasiwe na cha kufuta, na zina mwiko mmoja: uchambuzi wa mwisho uliobaki haufutwi, hata kanuni ikisema ufutwe.

Kazi hii naiheshimu sana. Lugha kubwa za dunia leo zinashughulikiwa na modeli zilizolishwa maandishi yasiyo na idadi. Kibajuni hakina maandishi hayo. Mtu wa Kiwayu atasema "mchu" pale ambapo kitabu cha shule kimeandika "mtu", na kwa mfumo wa kanuni tofauti hiyo inaweza kuandikwa kama kanuni ya sauti mahali pamoja, ikahudumia kila neno linaloihusu, badala ya kuandika kamusi ya pili nzima. Kutorudia hapa kuna faida ambayo mwendo wa mashine hauioni: watu wachache wenye muda mchache wanaweza kuifikisha lahaja yao kwenye kompyuta.

Yote niliyosema mpaka sasa yanadhani kwamba habari huongezeka tu. Baharini hazifanyi hivyo. Kati ya kisiwa cha Manda na bara kuna mkondo wa Mkanda, njia ya ndani ya kwenda Pate, ambayo kwa miaka mingi wenyeji waliizoea kuwa ya kungojea maji. Maji yakijaa mashua ilipita, yakipwa ilikaa juu ya tope. Njia ya pili ni ya nje, kuzunguka Manda kwa bahari kuu, nzuri kukitulia, ya hatari kusi likichafuka. Tuseme siku hizo injini yetu imehitimisha asubuhi kwamba Mtangawanda panafikika, kwa sababu Mkanda umejaa. Saa sita maji yamepwa. Hitimisho lile sasa likoje?

Kama injini ilikumbuka hitimisho bila sababu yake, haina la kufanya ila kufuta kila kitu na kuanza upya, na faida yote ya kutorudia imepotea. Jon Doyle wa MIT alilitatua hili mwaka 1979: kila hitimisho libebe sababu zake, na sababu ikianguka, hitimisho lianguke nayo, isipokuwa kama lina sababu nyingine inayolishika. Elimu ya fiqhi ina kanuni iliyo karibu sana na hii, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Aliyetia udhu kwa hakika, kisha akawa na wasiwasi kama umetenguka, hatii upya. Anaushika ule alionao mpaka ajue kwa hakika kwamba kimetokea kitu kinachotengua. Ni kanuni ya rehema kwa mwenye wasiwasi, na ndiyo hasa ambayo injini isiyo na akili inakosa inapoutia udhu kila raundi.

Turudi Mkanda, maana hapa ndipo tiba inapoweza kuua. Tuseme asubuhi ile bahari ya nje ilikuwa shwari. Basi "Mtangawanda panafikika" lilikuwa na sababu mbili. Injini iliyofundishwa kwa bidii kuepuka marudio ingekutana na sababu ya pili, ikaona hitimisho limo tayari, na kuitupa. Kazi imepungua. Saa sita, maji yalipopwa, ingetangaza kwamba Mtangawanda hapafikiki, na mashua ingebaki gatini huku bahari kuu ikiwa kama kioo. Sababu ya pili ilionekana ya ziada kwa muda wote ambao ya kwanza ilikuwa nzima.

Ndiyo maana nasema swali hili limekuwa likiulizwa nusu. Kuna kurudia kazi, na kuna kurudia ushahidi. Katika yale mahitimisho 168, mengi yalikuwa kazi iliyorudiwa: raundi ya tatu ilipothibitisha tena Lamu–Faza, ilitumia sababu ileile ya raundi ya pili. Sababu mbili za Mtangawanda ni ushahidi uliorudiwa. Kwenye daftari la injini marudio haya mawili yanafanana kama chanda na chanda, kwa sababu yote huzaa hitimisho ambalo lipo tayari.

Wanafunzi wa hadithi za Mtume katika vyuo vyetu vya pwani hufundishwa tofauti hii mapema. Matini, yaani maneno yenyewe, ni moja; isnadi, yaani minyororo ya wapokezi, ni nyingi, na hakuna mwalimu anayeitupa isnadi ya pili kwa kuwa maneno ni yaleyale. Habari iliyopokewa na wengi, katika kila tabaka la wapokezi, hufikia daraja la mutawatiri, na wingi huo ndio nguvu yake. Lakini wanafundishwa pia upande wa pili: isnadi kumi zikikutana zote kwa mpokezi mmoja, hapo zilipokutana ni isnadi moja. Johan de Kleer, katika kazi yake ya 1986, aliweka kipimo kinachokaribia sana hicho. Kila hitimisho huwekewa orodha ya dhana linazozitegemea, na orodha ambayo imebeba ndani yake orodha nyingine ndogo zaidi hutupwa. "Mkanda umejaa" ni sababu. "Mkanda umejaa na leo ni Ijumaa" haiongezi kitu, itupwe. "Nje ni shwari" haimo ndani ya ile ya kwanza, ibaki. Kwangu hiki ndicho kipimo sahihi zaidi cha neno "ziada" kilichowahi kutolewa katika fani hii, ingawa kukitumia ni ghali, kwa kuwa orodha za dhana zinaweza kuongezeka kupita kiasi.

Watu wa hifadhidata walitafuta njia ya bei ya kati. Moja ni kuhesabu: hitimisho likumbuke idadi ya sababu zake bila kukumbuka sababu zenyewe, ikifika sifuri lifutwe. Inafaa mpaka pale safari za kurudi zinapoingia. Faza panafikika kwa sababu Kizingitini panafikika, Kizingitini panafikika kwa sababu Faza panafikika. Kata njia ya kutoka Lamu, na bado kila moja ina sababu yake moja mkononi, kama watu wawili katikati ya maji ambao kila mmoja ameshikwa na mwenzake na hakuna aliyesimama chini. Gupta, Mumick na Subrahmanian, mwaka 1993, walichagua njia ya ukali kwanza: futa kila kilichoguswa na sababu iliyoanguka, hata kama huenda kina sababu nyingine, kisha rudi uthibitishe upya vinavyoweza kuthibitika. Ni kurudia kazi kwa makusudi ili ukweli usipotee, na ubadilishanaji huo naukubali kwa moyo mweupe.

Nani basi aamue kwamba hatua fulani ni ya ziada? Injini inaweza kuamua yale ya umbo: kanuni ileile na habari zilezile, orodha ndani ya orodha. Mengine yanamtaka mjuzi wa jambo lenyewe, na mirathi inaonyesha hivyo kuliko mfano wowote ninaoujua. Familia nyingi za pwani hukaa na mali ya marehemu bila kuigawa, mpaka mrithi mmoja naye afariki. Wanazuoni huita hali hiyo munasakha, na wameiwekea njia ya kuiunga hesabu ya pili juu ya ya kwanza bila kuanza mwanzo. Pia wana njia ya mkato. Baba amekufa akiacha wana watano wa kiume wa mama mmoja, ambaye alimtangulia, bila mrithi mwingine. Kabla ya kugawa, mmoja wao akafa bila mke wala mtoto, warithi wake ni kaka zake wanne tu. Kwa njia ndefu, kila mmoja ana 1/5 yake, anaongezewa robo ya 1/5 ya marehemu, yaani 1/20, jumla 1/4. Kwa mkato, marehemu wa pili hahesabiwi kabisa, na mali inagawiwa wanne. Jibu ni lilelile, na hatua nzima imeondolewa kwa haki.

Mwandishi wa programu angeupenda mkato huo, na angeweza kuuandika kama kanuni: mwana akifa kabla ya kugawiwa, na kaka zake wakawa warithi wake, mwondoe. Kanuni ingepita majaribio mengi. Sasa tuseme mali yenyewe ni shamba la minazi 80 huko Pate, na yule mwana aliyefariki alikuwa ameoa. Hakuwa na mtoto, kwa hiyo mjane wake anastahili robo ya fungu lake. Fungu lake ni minazi 16, robo yake ni 4. Iliyobaki 12 wanagawana kaka wanne, mitatu mitatu, kila kaka anaishia na minazi 19. Programu yenye mkato ingempa kila kaka minazi 20, hesabu ikatimia 80 bila kubaki hata mti, na hakuna mahali popote kwenye karatasi ile ambapo jina la mjane lingeonekana.